Mashine itahesabu seli, lakini nani ameamua ngapi ni ugonjwa?

Ukizipanga pamoja tafiti zilizopima mchochota sugu (uvimbe wa muda mrefu unaotokana na kinga ya mwili) wa utando wa ndani wa mji wa mimba kwa wanawake wanaotafuta mtoto, utakuta idadi ya waliogunduliwa inaanzia asilimia 2.8 na kwenda hadi asilimia 56.8. Utafiti mmoja unasema ni tatizo la wachache mno. Mwingine unasema zaidi ya nusu ya wanawake waliofika kliniki wanalo. Maumbile ya wanawake peke yake hayawezi kueleza pengo la namna hiyo. Sehemu kubwa inatokana na upimaji wenyewe: kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu, kilichukuliwa siku gani ya mzunguko, kilitiwa rangi ipi maabara, na aliyeketi mbele ya hadubini alitaka kuona seli ngapi ndipo aandike kwamba ugonjwa upo.

Sasa wahandisi na madaktari wa uzazi, hasa katika nchi zenye vituo vingi vya upandikizaji mimba, wanaifundisha akili mnemba kusoma vinyama hivyo badala ya jicho la mtu. Nataka kazi hiyo ifanikiwe, na nitaeleza kwa nini. Ila mashine inaweza kumaliza ubishi wa nani amehesabu vipi. Haina uwezo wa kumaliza ubishi wa idadi ipi ndiyo ugonjwa. Ubishi huo wa pili humalizwa kwa kuwafuatilia wanawake mpaka washike mimba na kujifungua, na kazi hiyo bado ni changa. Kifaa kikiingia kwenye soko letu kabla ya hapo, kitatoa majibu yenye sura ya uhakika juu ya jambo ambalo uhakika wake haujapatikana. Watakaolipia ni wanawake ambao wameshalipa mengi.

Tuuelewe ugonjwa kwanza. Utando wa ndani wa mji wa mimba hujijenga kila mwezi na kumwagika wakati wa hedhi. Mimba changa hujishikiza hapo. Kinga ya mwili nayo ina askari wake mle ndani wakati wote, na hilo si kosa. Wasiwasi huanza zinapoonekana seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, zikiwa zimetulia ndani ya tishu ya utando kana kwamba kuna adui wa muda mrefu. Mara nyingi adui huyo ni bakteria wa kawaida kabisa, kama streptokoki, enterokoki, E. coli au maikoplazma. Mwanamke anaweza asihisi chochote. Wengine hutokwa damu kidogo katikati ya mwezi, wengine huwa na maumivu hafifu ya nyonga, na wengi hufika hospitali kwa sababu moja tu: mimba haikai. Huu si ule ugonjwa wa PID, maambukizi ya via vya uzazi vya ndani, unaoleta homa na maumivu makali na kuziba mirija, ingawa unaweza kuufuata. Wala si endometriosi, ambayo ni utando kuota nje ya mji wa mimba. Madaktari huanza kuushuku pale upandikizaji unaposhindwa mara kwa mara bila sababu, au mimba zinapoharibika mfululizo.

Utrasaundi haiuoni kwa uhakika. Zimebaki njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuingiza kamera nyembamba ndani ya mji wa mimba na kutazama wekundu, uvimbe wa maji na vinundu vidogo mno vinavyoning'inia kwenye utando. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana juu ya alama za kutafuta, na usomaji wa madaktari waliozitumia ukakaribiana zaidi. Hata hivyo wekundu wa mtu mmoja unaweza kuwa waridi ya mwingine. Njia ya pili, inayotegemewa zaidi, ni kuchukua kinyama kwa mrija mwembamba wa plastiki, kukizamisha ndani ya nta, kukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kukitia rangi na kukisoma.

Kwa rangi za kawaida za maabara, seli ya plazma inafanana mno na seli nyingine za tishu ile. Ndiyo maana maabara zenye uwezo hutumia kingamwili iitwayo CD138, inayozipaka seli za plazma rangi ya kahawia. Tatizo ni kwamba CD138 huzipaka kahawia pia seli zinazozunguka tezi za utando wenyewe. Msomaji anabaki na uwanja wenye kahawia tele, akitafuta chache zilizo mahali pasipo pake. Ni kazi ya kuchambua chuya kwenye mchele, na anayeifanya ni daktari mwenye trei nyingine ya vinyama vya saratani inayomsubiri. Akimaliza, anakutana na swali la mwisho: seli moja inatosha, au zifike tano katika maeneo 10 ya hadubini? Zote mbili zimetumika katika tafiti zilizochapishwa. Mwanamke yuleyule, kwa kinyama kilekile, anaweza kuwa mgonjwa kwenye maabara moja na mzima kwenye maabara nyingine.

Kwa kazi ya namna hii akili mnemba inafaa sana. Kioo cha maabara kinapigwa picha nzima kwa skana, picha inagawanywa vipande maelfu, na programu iliyofundishwa kwa mifano mingi inatafuta seli moja moja. Haichoki saa kumi jioni, na haibadilishi kipimo kwa sababu mgonjwa anajulikana na daktari mkuu. Inaweza kuhesabu kinyama chote badala ya maeneo 10 yaliyochaguliwa, ikatoa idadi kwa kila milimita ya mraba. Kwenye saratani jambo hili limeshavuka hatua ya majaribio: Septemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza programu ya akili mnemba ya kumsaidia daktari wa patholojia kusoma vinyama vya tezi dume. Tezi dume ina faida kubwa ambayo mji wa mimba hauna. Madaktari hawabishani kama saratani ni saratani.

Programu hujifunza kwa kuonyeshwa mifano iliyokwisha kuwekewa alama na watu: hiki kina ugonjwa, hiki hakina. Walioweka alama wakiamini seli moja inatosha, mashine itaamini hivyo hivyo. Wakiamini tano, itaamini tano. Itatoa jibu kwa kasi na bila kusita, na ukipima usahihi wake utaambiwa ni wa juu sana. Usahihi huo maana yake ni kwamba inakubaliana na walioifundisha. Kama walioifundisha walikosea mpaka wa ugonjwa, mashine imelirithi kosa na kulipa sura ya sayansi.

Linganisha na kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza programu za kompyuta zisome eksirei za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi. Nadhani lilifanya sawa. Mashine ikisema mapafu haya yana shaka, mgonjwa anatoa makohozi, yanaingia GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu, na bakteria wanaonekana au hawaonekani. Kuna mahakama ya rufaa. Kwa mchochota sugu wa utando, mahakama hiyo haijajengwa. Kuotesha bakteria hukosea, kwa kuwa kinyama hupitia ukeni ambako bakteria wamejaa, na baadhi ya vimelea havioti kirahisi. Vipimo vya vinasaba huwaona wengi zaidi, lakini kumwona bakteria si sawa na kuthibitisha kwamba amedhuru. Kilichobaki ni mtoto: je, wanawake waliokutwa na seli hizi hushika mimba kidogo kuliko wasio nazo, na je, waliotibiwa hujifungua zaidi? Ushahidi mwingi hadi sasa unatokana na kuwatazama waliotibiwa wakapona dhidi ya waliotibiwa wasipone. Unatia moyo, lakini huenda waliopona walikuwa na miili yenye bahati nzuri zaidi tangu mwanzo. Majaribio ya kuwagawa wanawake kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa na nusu wasipewe, kisha watoto wahesabiwe, ndiyo yanayohitajika, na ni machache.

Dawa yenyewe ni rahisi, na urahisi huo ndio unaonipa hofu. Mara nyingi ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Duka lolote la dawa mtaani Temeke au Kisumu linayo. Wanawake wengi wanaotafuta mtoto katika miji yetu wameshazimeza doksisaiklini na Flagyl mara zisizohesabika, baadhi kwa cheti cha daktari, wengine kwa ushauri wa muuzaji, wengine kwa sababu ya tangazo la simu lililowaahidi kusafishwa kizazi. Wamelishwa antibayotiki kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Sasa fikiria tangazo hilohilo likipata picha ya kinyama yenye vidoti vyekundu na maneno "imethibitishwa na akili mnemba". Nani atabisha? Mume hatabisha, mama mkwe hatabisha, na mwanamke mwenyewe, aliyeitwa mgumba kwa miaka, atashukuru hatimaye kupata jina la kumwambia kila mtu. Mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliozoea dawa, na bara letu liliumia kuliko mengine. Kila mgonjwa wa uongo tunayemtengeneza anaongeza kwenye hesabu hiyo.

Kuna jambo zito zaidi kwa Afrika Mashariki. Ugumba wetu una historia yake. Uchunguzi mkubwa wa WHO uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1985 ulionyesha kuwa barani Afrika maambukizi yalikuwa chanzo cha ugumba kwa kiwango kisichoonekana katika mabara mengine. Klamidia na kisonono visivyotibiwa, uchafu baada ya kujifungua, mimba zilizotolewa katika mazingira hatari. Ongeza kifua kikuu cha via vya uzazi, ambacho hukaa kimya kwenye mirija na utando bila mgonjwa kukohoa hata siku moja. Ongeza kichocho, ambacho kwa wanawake wanaoishi katika kanda ya Ziwa Victoria na kando ya mabwawa ya umwagiliaji hutaga mayai yake mpaka kwenye mlango wa kizazi na kwingineko. WHO inakadiria wanawake milioni 56 kusini mwa Sahara wana kichocho cha via vya uzazi.

Programu iliyofundishwa kwa vinyama vya Osaka, Japani, au Bari, Italia, haijaviona vitu hivi. Iletee kinyama cha mwanamke wa Sengerema mwenye kifua kikuu cha mji wa mimba, itaona seli za kinga zimejaa, itahesabu plazma, itavuka mpaka wake na kuandika: mchochota sugu. Daktari ataandika doksisaiklini wiki mbili. Mwanamke huyo alihitaji dawa za kifua kikuu kwa miezi sita. Hata siku ya kuchukua kinyama inapingana. Kwa mchochota wa kawaida mara nyingi hupendekezwa nusu ya kwanza ya mzunguko, baada tu ya hedhi. Kwa kifua kikuu hupendelewa siku za mwisho kabla ya hedhi, kwa sababu vinundu vyake huhitaji muda kujijenga na kila hedhi huvimwaga. Kliniki ikifuata ratiba ya mashine iliyoletwa, itaipitia TB bila kuiona, na cheti kitasema kipimo kilikuwa sahihi.

Watetezi wa teknolojia hii hujibu kwamba sisi ndio tunaoihitaji zaidi, maana hatuna wasomaji wa vinyama. Ni kweli kwa nusu. Nchi nyingi za kusini mwa Sahara hazina hata daktari mmoja wa patholojia kwa kila watu 500,000, na waliopo wamekusanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta. Kinyama kutoka wilayani kinaweza kusafiri kwa basi na kusubiri wiki kadhaa. Lakini tazama hatua zote zilizo kabla ya kusoma. Formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, ya kutosha, na isiwe imechakachuliwa kwa maji. Mashine ya kuandaa tishu isiyokatikiwa umeme usiku. Kisu kikali. Kingamwili ya CD138, inayoagizwa nje, inayokaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, na yenye tarehe ya kuisha. Kisha skana, ambayo bei yake ingenunua hadubini nzuri kwa hospitali nyingi za mikoa. Mashine ya kusoma inakuja mwisho wa mlolongo. Kinyama kilichooza kwenye chupa ya maji hakina programu ya kukiokoa.

Thailand wameshatufundisha hili kwa ugonjwa mwingine. Google walipeleka akili mnemba ya kusoma picha za macho ya wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki za vijijini, mfumo uliokuwa umefanya vizuri sana maabara. Watafiti wao walichapisha yaliyotokea mwaka 2020: zaidi ya picha moja kati ya tano ilikataliwa na mashine kwa ubora hafifu, kwa kuwa vyumba havikuwa na giza la kutosha na foleni ilikuwa ndefu, na wagonjwa wakaambiwa waende kwa mtaalamu mbali. Intaneti ya polepole ilichelewesha wengine. Nawasifu kwa kuyasema hadharani. Katika vinyama hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwaka 2021 watafiti wa saratani walionyesha kwamba programu inaweza kutambua kinyama kimetoka hospitali gani kwa kuangalia tu namna kilivyotiwa rangi. Kama hospitali moja hupokea wagonjwa mahututi na nyingine wa kawaida, mashine inaweza kujifunza rangi ya maabara ikadhani imejifunza ugonjwa.

Picha hizi zitahifadhiwa wapi, nalo ni swali la haki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Taarifa za uzazi wa mwanamke ni za siri kuliko zote. Kampuni ikichukua vinyama vya hospitali zetu kufundishia programu, kisha ikaturudishia programu hiyo kwa malipo ya kila mwezi, aliyetoa kinyama amelipa mara mbili.

Na mwanamume yuko wapi? WHO ilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba maishani mwake. Katika takriban nusu ya wanandoa wenye tatizo hilo, mwanamume ana mchango. Kipimo cha mbegu za kiume ni cha bei nafuu na hakihitaji kumwingizia mtu kamera. Bado kuna ndoa ambazo mke ameshapimwa mirija, ameshapigwa eksirei ya dawa na kumezeshwa kila kitu, kabla mume hajatoa hata kikombe kimoja cha kupimwa. Kipimo kipya cha kifahari cha mji wa mimba kitaongeza sababu ya kumtazama mwanamke peke yake. Kliniki yoyote inayomuuzia mke usomaji wa akili mnemba kabla ya kumpima mume haimtendei haki.

Kwa hiyo ningependa tuitumieje? Kwanza, mashine itoe hesabu na picha, isitoe hukumu. Iandike: seli 3 kwa milimita ya mraba, hizi hapa, zitazame. Daktari na mgonjwa waamue pamoja, wakijua umri wake, mirija yake, mbegu za mume, na mara ngapi mimba imeharibika. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, kwa Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya ziwadai wauzaji wa programu hizi matokeo yaliyopimwa kwenye vinyama vya hapa, vikiwemo vya kifua kikuu na kichocho, kabla hazijatumika kumwandikia mtu dawa. Karatasi ya majaribio ya Ulaya isitoshe.

Kisha twende kwenye kazi ambayo hakuna kampuni itakayoifanya kwa hiari, kwa sababu haiuzi kitu. Makabati ya maabara zetu kubwa yana vitalu vya nta vya miaka mingi, vinyama vya mji wa mimba vilivyochukuliwa kwa sababu nyingine: damu isiyo ya kawaida, upasuaji, uchunguzi wa saratani. Wengi wa wanawake hao walizaa bila shida. Ili tuseme seli tano ni nyingi mno, lazima tujue mwanamke wa Mwanza, Mombasa au Bukavu aliyejifungua watoto wanne ana seli ngapi akiwa mzima. Hesabu hiyo ikifanywa kwa mikono ingemaliza nguvu za madaktari wachache tulionao. Mashine inaiweza. Ruhusa ya kamati za maadili, majina yakiondolewa, skana moja ya kuazimana kati ya vyuo vikuu, na wanafunzi wa patholojia wa kukagua ilichoonyesha: hapo ndipo ningeweka shilingi ya kwanza ya umma, kabla ya kliniki yoyote kuweka bango la kipimo kipya mlangoni.